Kutoa Mafuta Zaidi Kwenye Mawe ya Chokaa Yasiyopitisha: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mhandisi kijana au mwanajiolojia aliyepangiwa kazi kwenye visima vya chokaa, iwe ni jangwani Oman, Abu Dhabi, Texas ya magharibi au kwenye majukwaa ya Bahari ya Kaskazini. Kama unatarajia kwenda Lokichar, Ziwa Albert, Songo Songo au Mnazi Bay, mengi ya humu hayatakufaa moja kwa moja, kwa sababu mafuta na gesi za huko zimekaa kwenye mawe ya mchanga. Chokaa ina tabia zake. Ndugu zetu wa Maskati waliopitia viwanja vya mafuta vya Fahud, Natih, Yibal au Lekhwair wanazijua, maana mafuta mengi ya kaskazini mwa Oman yanatoka kwenye chokaa za tabaka la Natih na la Shuaiba.

Kwanza tatizo lenyewe. Jiwe la chokaa linaweza kuwa na nafasi tupu nyingi kuliko mchanga: chaki, yaani chokaa laini, ya Ekofisk, uwanja wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, ina nafasi tupu za asilimia 30 hadi 40. Mafuta yamo. Lakini vitundu vyake ni vidogo mno na njia zinazoviunganisha ni nyembamba, kwa hiyo kioevu hakipiti. Upenyevu wa mwamba tunaupima kwa milidarsi. Mchanga mzuri una mamia ya milidarsi, wakati chaki ya Ekofisk ina 1 hadi 5 tu, na ziko chokaa zilizo chini ya 1. Ukiacha nguvu ya asili ya chini ya ardhi ifanye kazi peke yake kwenye jiwe la namna hii, utapata sehemu ndogo ya mafuta na mengine yote yatabaki palepale.

Ekofisk iligunduliwa mwaka 1969 na kuanza kuzalisha 1971. Makadirio ya mwanzo yalisema ingetoa karibu asilimia 17 ya mafuta yake. Leo inatarajiwa kupita asilimia 50. Hakuna dawa moja iliyoleta tofauti hiyo. Kazi ilifanyika kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe unaanza na swali ambalo watu wengi hulikimbia kwa haraka ya kutaka kusukuma maji: mafuta yamo ndani ya jiwe, au yamo kwenye nyufa?

Hatua ya kwanza: tafuta nyufa kabla ya kutafuta mafuta

Chukua mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watu wanaishi ndani ya nyumba, lakini wanapita vichochoroni. Chokaa yenye nyufa iko hivyo: mafuta mengi yanaishi ndani ya jiwe, nyufa ni njia tu. Ukimwaga maji kwenye kichochoro yatateremka hadi baharini, na aliye chumbani hatajua kitu. Ndivyo maji ya kudungwa, yaani yanayosukumwa chini kupitia kisima ili yatoe mafuta, yanavyoweza kutoka kisima kimoja hadi kingine bila kugusa mafuta.

Njia rahisi ya kujua kama una nyufa ni kulinganisha vipimo viwili. Pima upenyevu wa kore, yaani mche wa mwamba uliokatwa kutoka kisimani, maabara. Kisha pima upenyevu wa kisima kizima kwa kukifunga na kufuatilia jinsi shinikizo linavyopanda. Kama kore inakupa milidarsi 2 na kisima kinakupa 60, hizo 58 hazikutoka hewani. Ziko nyufa. Kama namba mbili zinakaribiana, jiwe ndilo linalobeba kazi, na mipango yako itakuwa tofauti kabisa.

Usiishie hapo. Soma ripoti za uchorongaji na uangalie ni kina gani tope linalozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga lilipotea ghafla, kwa kuwa tope halipotei bila kuwa na pa kwenda. Tazama picha za ukuta wa kisima uone mwelekeo wa nyufa. Waulize wachorongaji wa zamani. Wao huwa na kumbukumbu ambayo haikuandikwa popote. Mwelekeo wa nyufa na mwelekeo wa msukumo mkubwa wa miamba ndivyo vitakavyoamua visima vyako vielekee wapi, na kosa la hapa halisahihishiki baadaye bila kuchoronga upya.

Angalia pia aina ya chokaa. Chaki ni laini, vitundu vyake ni vidogo na vinafanana. Dolomaiti, jamaa ya chokaa yenye magnesiamu, mara nyingi ina vitundu vikubwa vilivyotawanyika bila mpango. Chokaa iliyotokana na matumbawe inaweza kuwa na mashimo makubwa kama uyaonayo kwenye mawe ya kuta za Lamu, lakini shimo kubwa lisilounganishwa na jingine halisaidii kitu. Ndiyo maana namba ya nafasi tupu ikiwa peke yake hudanganya.

Hatua ya pili: jua jiwe linapenda maji au mafuta

Hii ndiyo hatua ninayoiona ikirukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama maji yatakusaidia.

Uso wa chokaa kwa kawaida una chaji chanya. Mafuta ghafi yana asidi za kikaboni zenye chaji hasi. Hizo mbili zinavutana, asidi zinanata kwenye jiwe, na baada ya mamilioni ya miaka jiwe linakuwa limeshikana na mafuta. Mchanga mara nyingi hupenda maji; chokaa nyingi ziko katikati au zinapenda mafuta. Jiwe linalopenda maji hufyonza maji lenyewe na kutoa mafuta bila kulazimishwa. Jiwe linalopenda mafuta halifyonzi chochote: maji yanapita kwenye ufa, jiwe linayatazama.

Kipimo ni rahisi kukieleza, kigumu kukifanya vizuri. Kore isioshwe na kukaushwa ovyo kabla ya kupimwa, kwa sababu vimiminika vya kusafishia vinaondoa zile asidi na kukuachia jiwe linalopenda maji kuliko lilivyokuwa chini. Kama imeshaoshwa, ijaze maji ya tabaka na mafuta ya kisima hichohicho, kisha iache kwenye joto la tabaka kwa wiki kadhaa irudie hali yake. Halafu izamishe kwenye chombo cha kupimia chenye maji na usome mafuta yanayotoka yenyewe. Yakikoma kutoka, yalazimishe yaliyobaki kwa mashine ya kuzungusha au kwa kusukuma maji. Gawanya ya kwanza kwa jumla. Yakitoka mililita 4 yenyewe na 6 nyingine kwa kulazimishwa, kiwango chako ni 0.4. Kikikaribia 1 jiwe linapenda maji. Kikiwa 0, usitegemee ufyonzaji.

Sasa jambo ambalo wakubwa kazini hawapendi kulisikia. Muda wa ufyonzaji unakua kwa mraba wa ukubwa wa jiwe. Tuseme kore ya sentimita 4 maabara ilimaliza kutoa mafuta yake kwa siku 10. Huko chini, nyufa zako zimekata mwamba kuwa vipande vya mita 2. Kipande hicho ni kikubwa mara 50, kwa hiyo muda ni mara 2,500, yaani siku 25,000, karibu miaka 68. Matokeo mazuri ya maabara si ahadi ya shambani mpaka ujue nyufa zako zimekaa umbali gani. Kama zimekaribiana kwa sentimita 20, hesabu hiyohiyo inakupa siku 250, na hapo una mradi.

Hatua ya tatu: usiache shinikizo lishuke

Mafuta chini ya ardhi yana gesi iliyoyeyuka ndani yake. Shinikizo likishuka chini ya kiwango fulani, gesi hiyo inaanza kutoka kama mapovu. Kwenye jiwe lenye njia nyembamba hili ni balaa: mapovu yanaziba njia, gesi inakimbilia kisimani kwa kuwa ni nyepesi, na mafuta yaliyobaki yanakuwa mazito kwa kupoteza gesi yake. Pata kiwango hicho kutoka kwenye sampuli ya kioevu cha tabaka mapema, kisha kiandike mahali ambapo kila mtu wa zamu anakiona.

Kwenye chaki kuna hatari ya pili. Ekofisk walizalisha kwa miaka mingi bila kudunga maji ya kutosha, na jiwe lenyewe likaanza kubanwa. Mwaka 1984 iligundulika kwamba sakafu ya bahari ilikuwa imetitia. Mwaka 1987 majukwaa yakainuliwa kwa mita 6, kazi iliyotazamwa na dunia nzima ya uhandisi, na mwaka huohuo wakaanza kudunga maji ya bahari kwa kiwango kikubwa. Kutitia hakukukoma mara moja, kwa sababu maji yenyewe huilegeza chaki hata shinikizo likiwa limerudi. Mwaka 1998 majukwaa mapya yalianza kazi kuchukua nafasi ya ya zamani. Kuna upande mwingine, hata hivyo: kubanwa kwa jiwe kulisukuma mafuta mengi nje. Mhandisi mmoja anaweza kuona hasara na mwenzake akaona faida, na wote wakawa sahihi.

Hesabu ya kurudisha shinikizo ni ya kujaza ulichotoa. Mfano: kundi la visima linatoa mita za ujazo 1,000 za mafuta kwa siku, zikipimwa juu, na 500 za maji. Mafuta hayo yakiwa chini yalikuwa yamevimba kwa gesi. Tuseme kila mita 1 ya juu ilikuwa 1.3 chini. Kwa hiyo umetoa 1,300 na 500, jumla 1,800. Unatakiwa kudunga 1,800 ili ubaki ulipo, na zaidi kidogo kama unataka kupandisha. Gesi huru ikitoka, iongeze kwenye hesabu. Fanya hesabu hii kwa kila kundi la visima. Ukiifanya kwa uwanja mzima, upande mmoja unaweza kufa kwa kiu huku jumla ikionekana safi kwenye ripoti.

Hatua ya nne: laza visima

Kisima cha wima kwenye jiwe la milidarsi 2 kinagusa mwamba kidogo mno. Kisima cha mlalo cha kilomita 1 au 2 kinagusa mara nyingi zaidi. Hiyo ndiyo sababu Oman, Abu Dhabi na Denmaki walikimbilia visima vya mlalo mapema.

Lakini soma kisa cha Yibal kabla ya kufurahi. Uwanja huu mkubwa wa Oman ulichorongwa visima vingi vya mlalo katika miaka ya 1990, uzalishaji ukapanda hadi kilele mwaka 1997, kisha ukashuka kwa kasi huku maji yakichukua sehemu kubwa ya kinachotoka. Kisima cha mlalo kinachokata ufa unaofika kwenye maji kitaleta maji haraka kuliko kingine chochote. Ndiyo maana tulianza na nyufa.

Mpangilio ninaoupenda kwa chaki ni ule wa Halfdan, upande wa Denmaki wa Bahari ya Kaskazini. Visima virefu vya mlalo vimelazwa sambamba, kimoja cha kuzalisha, kinachofuata cha kudungia, umbali wa karibu mita 180 kati yake. Ujanja wake uko kwenye ratiba. Kwanza visima vyote vinazalisha, hata vile vitakavyokuja kudungia. Kuzalisha kunapunguza shinikizo na kubadilisha msukumo ndani ya mwamba kuzunguka visima. Kisha visima vya kudungia vinaingizwa maji polepole, chini ya shinikizo la kupasua. Baadaye ndipo kasi inapandishwa hadi mwamba upasuke, na kwa kuwa msukumo umeshapangwa, ufa unakimbia kufuata urefu wa kisima badala ya kukikatiza kuelekea jirani. Matokeo yake ni ukuta mrefu wa maji unaosukuma mafuta upande hadi upande. Hawa hawakuukimbia ufa, waliufanya uwatumikie.

Kama huna uwezo wa kupanga msukumo namna hiyo, fanya hivi: jua shinikizo la kupasua kwa kupandisha kasi ya maji ngazi kwa ngazi, ukiacha kila ngazi itulie kwa muda uleule. Chora shinikizo dhidi ya kasi. Mstari utanyooka, kisha utavunjika na kulala. Pale ulipovunjika ndipo mwamba ulipofunguka. Baki chini yake mpaka uwe na sababu nzuri ya kuupita.

Hatua ya tano: asidi

Chokaa ina neema moja ambayo mchanga hauna: inayeyuka kwenye asidi ya haidrokloriki. Herman Frasch alipata hataza ya kutumia asidi hiyo kwenye visima vya chokaa tangu mwaka 1896, kazi iliyoanzia Lima, Ohio. Asidi ya kawaida ni ya asilimia 15. Mita moja ya ujazo ya asidi hiyo huyeyusha karibu kilo 220 za chokaa safi na kuacha chumvi ya kalsiamu, maji na hewa ya ukaa.

Siri iko kwenye kasi. Ukisukuma polepole sana, asidi inakula uso wa kisima tu na kuishia hapo. Umepanua shimo, hukuongeza mafuta. Ukisukuma kwa kasi inayofaa, asidi inachagua vitundu vikubwa, inavipanua, na kutengeneza vijia vyembamba vinavyoingia mbali ndani ya mwamba. Ukizidisha kasi, vijia vinatawanyika kuwa matawi mengi na asidi inaisha kabla ya kufika mbali. Kasi inayofaa hupatikana kwa kujaribu kwenye kore za tabaka lako mwenyewe, kwenye joto lake. Dolomaiti inajibu polepole kuliko chokaa ya kawaida, kwa hiyo usihamishe namba za huku kwenda kule.

Kwenye kisima kirefu cha mlalo asidi itapenda kuingia mahali palepale penye ufa. Tumia vizibo vya muda, mapovu au asidi iliyofanywa nzito ili igawanyike. Weka dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu bomba la chuma ni chakula kitamu kwa asidi moto, na dawa ya kushika madini ya chuma yasije yakaganda na mafuta. Na kwenye chaki laini uwe mwangalifu: ufa uliochongwa na asidi unaweza kujifunga tena mwamba ukibanwa. Hapo ufa ulioshikiliwa na punje za mchanga mgumu unaweza kudumu zaidi.

Usalama hapa hauna mjadala. Visima vingi vya chokaa vya Ghuba vina haidrojeni salfaidi, gesi inayoua na ambayo kwa kiwango kikubwa huharibu uwezo wa kunusa, hivyo usitegemee pua. Vaa kifaa cha kugundua gesi, jua upepo unavuma kutoka wapi, na usiruhusu asidi ifunguliwe mpaka kila mtu aliye karibu ajue atakimbilia wapi.

Hatua ya sita: chagua maji yako

Watu hufikiri maji ni maji. Siyo.

Anza na usafi. Kwenye jiwe lenye vitundu vidogo, punje ndogo sana za udongo zitaziba uso wa kisima cha kudungia ndani ya muda mfupi. Chuja. Ondoa oksijeni, isile mabomba. Weka dawa ya kuua bakteria. Pima kama maji ya kudungwa yanapatana na maji ya tabaka: maji ya bahari yana salfeti karibu miligramu 2,700 kwa lita, na kama maji ya chini yana bariamu, yakikutana yataunda gamba gumu ambalo asidi haiwezi kuliyeyusha. Gamba hilo huonekana kwanza kwenye visima vya kuzalisha, pale maji mawili yanapochanganyika.

Baada ya hapo ndipo utamu unaanza. Kwa miaka mingi watu walishangaa kwa nini maji ya bahari yalifanya kazi vizuri Ekofisk kuliko ilivyotarajiwa. Watafiti wa Stavanger, wakiongozwa na Tor Austad, walieleza hivi: kwenye joto kubwa, na tabaka la Ekofisk lina nyuzi za Selsiasi 130 hivi, salfeti inashika uso wa chaki na kupunguza chaji yake chanya. Kalsiamu inapata nafasi ya kusogea karibu na kuzing'oa zile asidi za mafuta. Magnesiamu nayo huingia jiweni kuchukua nafasi ya kalsiamu pale joto linapokuwa kubwa zaidi. Jiwe linaacha kupenda mafuta na kuanza kupenda maji. Maji ya bahari yalikuwa dawa ambayo hakuna aliyeikusudia.

Kutokana na hilo unaweza kutengeneza maji. Kupunguza chumvi ya kawaida huku ukiacha salfeti, kalsiamu na magnesiamu mara nyingi huongeza ufyonzaji maabara. Saudi Aramco nao walionyesha kwamba kupunguza chumvi ya maji ya bahari hatua kwa hatua kuliongeza mafuta kutoka kwenye kore za chokaa. Lakini pana mvutano usiokwisha. Salfeti ileile inayobadilisha jiwe ndiyo inayotengeneza gamba la bariamu, na ndiyo chakula cha bakteria wanaozalisha haidrojeni salfaidi. Na maji yenye salfeti na magnesiamu yanaweza kuidhoofisha chaki zaidi. Mimi ningefanya uamuzi kwa joto: tabaka likiwa chini ya nyuzi 70 au 80 athari ya salfeti inakuwa dhaifu, kwa hiyo hasara yake haina malipo; toa salfeti uepuke gamba. Likiwa juu ya 100 na bariamu ni ndogo, iache, na utumie pesa zako kwenye dawa ya bakteria.

Kama jiwe bado linakataa, kuna safaktanti, kemikali za jamii ya sabuni, zinazosafisha zile asidi kutoka kwenye uso wa jiwe. Zinafanya kazi. Shida ni bei na kiasi kinachopotea kwa kunata jiweni. Jaribu kwenye kisima kimoja kwanza: ingiza, funga kwa siku kadhaa, fungua uone.

Hatua ya saba: gesi na mvuke, pale maji yaliposhindwa

Hewa ya ukaa ndiyo yenye historia ndefu zaidi kwenye chokaa. Mwaka 1972, uwanja wa Kelly-Snyder huko Scurry, Texas, ndio ulioanza kuitumia kwa kiwango kikubwa, kwenye chokaa ya matumbawe ya kale. Weyburn, Kanada, walianza mwaka 2000, wakiletewa gesi kwa bomba la takriban kilomita 320 kutoka kiwanda cha North Dakota. Abu Dhabi tangu 2016 wanakamata gesi kutoka kiwanda cha chuma na kuidunga kwenye visima vyao vya chokaa.

Gesi hii inapita kwenye vitundu ambavyo maji hayapiti kwa urahisi. Shinikizo likitosha inachanganyika na mafuta, inayavimbisha na kupunguza mnato wake. Kabla ya chochote, tafuta shinikizo la chini kabisa ambalo mchanganyiko huo unakamilika, kwa jaribio la bomba jembamba refu lililojazwa mchanga na mafuta yako. Kama shinikizo hilo linazidi lile la kupasua mwamba, mradi huo haukufai.

Ikishaanza, dunga gesi na maji kwa zamu, kwa kuwa gesi peke yake inakimbia mbele. Tegemea kutu, tegemea lami kuganda kwenye mabomba, na tegemea kupungua kwa kasi ya kudunga maji baada ya gesi, jambo linalouma sana kwenye jiwe ambalo tangu mwanzo lilikuwa halipitishi.

Mafuta yakiwa mazito na nyufa nyingi, kuna njia ya Qarn Alam, Oman. Pale mvuke unaingizwa kwenye nyufa kwa makusudi, unapasha mawe moto kutoka nje, mafuta yanalainika na kuteremka kwa uzito wake hadi kwenye visima vilivyolazwa chini. Hakuna kusukuma. Ni njia ya subira na inataka mvuke mwingi, ila kwenye jiwe lililopasuka vibaya ambalo maji yamelishindwa sijaona wazo bora kuliko hilo.

Hatua ya nane: fuatilia, na ujue kuzima

Weka kemikali ya kufuatilia kwenye kila kisima cha kudungia, tofauti kwa kila kimoja, na chukua sampuli kwa majirani wote. Ikitokea kwa jirani aliye mita 500 ndani ya siku chache, maji yamepita kwenye ufa. Ikichukua miezi mingi, jiwe linafagiwa.

Kwa kila kisima cha kudungia, jumlisha shinikizo mara muda na uchore dhidi ya jumla ya maji yaliyoingia. Mstari ukipinda juu, kisima kinaziba. Rudi kwenye chujio au asidi. Ukipinda chini, umefungua ufa, hata kama hakuna aliyeukusudia. Mchoro huu hauhitaji programu ya bei, karatasi inatosha, na nimeuona ukipuuzwa kwa miezi na watu wenye modeli za kompyuta za kila aina.

Ufa ukishathibitika, usikimbilie kuongeza maji. Punguza kasi kwanza, uone kama unajifunga wenyewe shinikizo likishuka. Usipojifunga, tumia jeli ya polima, uji mzito unaoziba ufa, na uiingize kupitia kisima cha kudungia, kwa kiasi kinachotokana na muda wa ile kemikali ya kufuatilia: muda huo ukiuzidisha kwa kasi ya maji unapata makadirio ya ujazo wa njia. Acha jeli ikomae kabla ya kurudisha maji. Kisha rudia kufuatilia kwa kemikali mpya. Ikitokea tena upesi kama mwanzo, acha kudunga hapo, kigeuze kisima hicho kiwe cha kuzalisha, na uhamishe maji kwenye kisima kisichokaa kwenye mstari wa nyufa hizo.